Stelingi Alikufa Kirumba

Kwa miaka mingi niliamini, na ningeapa mbele ya padri na mganga wakiwa wamekaa benchi moja, kwamba Mkalimani wa banda la video la Kirumba aliwahi kupigana vita vya majini huko Korea. Tena sikuamini kwa kusikia tu, niliamini kwa macho. Watu walisema ukiusimamisha mkanda wa tatu pale meli ya kamanda inapoipasua meli ya adui katikati kama papai bivu, nyuma ya kamanda utamwona mtu anapiga ngoma kubwa kama pipa la lami. Mabega yamepanda, shingo haipo. Mtu huyo, walisema, ni Mkalimani mwenyewe enzi za ujana wake. Nikatazama, nikamwona. Mabega yale yale! Kwamba vita vile vilipiganwa miaka mia nne iliyopita, na kwamba yule mpiga ngoma alikuwa Mkorea kuanzia utosini mpaka unyayoni, hayo nayo niliyaona, lakini hayakunisumbua. Mtu akitaka kuamini, hesabu hukaa pembeni zikamsubiri amalize.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, enzi za ruksa. Mitumba imefunguliwa, viwanda vya minofu ya sangara vimefunguliwa, na vinywa vya watu navyo vimefunguliwa. Mimi mchana nilikuwa napakua magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba, wavuvi wanaposhushia samaki, na jioni naenda shule ya watu wazima kukitafuta kidato cha nne ambacho ng'ombe wa baba, kule Buswelu, walikuwa wameninyima. Kati ya gunia na ubao kulikuwa na banda la video. Juu bati, kando mabanzi, ndani mabenchi, mbele televisheni moja na deki moja juu ya makreti ya soda. Mwenye banda tulimwita Tajiri kwa sababu alikuwa na jenereta.

Kanda zenyewe zilitoka kwa Mkorea mmoja aliyeletwa kufunga mitambo ya barafu kwenye kiwanda cha minofu. Huyu tulimwita Fundi Barafu. Dada yake alikuwa akimrekodia tamthilia kutoka televisheni ya kwao na kumtumia, na alipokwisha kuzitazama akampa Tajiri boksi zima, bure. Ilikuwa tamthilia ndefu ya makamanda wa majini wakati wa vita: mmoja mwembamba mwenye ndevu, ambaye ndiye stelingi, shujaa wa picha, na mwingine mnene, ambaye kazi yake ilikuwa kumwonea wivu yule mwembamba na kukimbia.

Sasa, kanda zile zilipoingizwa kwenye deki ya Tajiri zikatoka bila rangi. Nyeusi na nyeupe tupu, na chenga juu yake. Hapo ndipo Kirumba nzima ilipofikia uamuzi wake. Mchezo wa kuigiza una rangi, kila mtu anajua. Kitu cha kweli, kama zile picha za siku ya uhuru zilizotundikwa ofisini kwa katibu kata, hakina rangi. Kwa hiyo mkanda ule haukuigizwa. Ulipigwa vitani, papo hapo, na mpiga picha mwenye roho ngumu. Ukishakubali hilo, kumkubali Mkalimani nyuma ya kamanda ni jambo dogo kabisa.

Mkalimani alisimama kulia kwa televisheni akitutafsiria, ameshika kafi lililovunjika mpini. Alilitumia kuonyeshea watu kwenye picha, na watazamaji walipobisha, alilitumia kuwaonyeshea adabu. Sauti yake ilikuwa nzito; siku upepo ukiwa mzuri nadhani walimsikia Ukerewe, wakawa wanasubiri mkanda wa kesho pamoja nasi.

"Tazameni!" alikuwa akisema. "Mshale huo umeingia jichoni, umetokea kisogoni! Na nyuma yake alikuwepo mwenzake, naye umemchukua! Mshale mmoja, watu wawili, kama mshikaki! Huyu anashika utumbo wake, anauliza huu ni wa nani? Ni wako, bwana, shika vizuri! Na yule kule, kichwa kimeshuka, mwili bado unapanda ngazi, haujapata taarifa!"

Sisi tulilia kwa raha. Damu ilikuwa nyeusi kama oili chafu, lakini kwa maneno yake niliiona nyekundu, nikaisikia na harufu. Kuna mpakuaji mwenzangu alitapika mkanda wa pili, akalala siku mbili, akarudi kwa mkanda wa nne akakaa benchi la mbele.

Kanda zilikuwa zimerekodiwa pamoja na matangazo yake ya biashara, na haya nayo hakuyaacha yapite bure. Katikati ya mapigano anatokea mwanamke safi anafua, anacheka, povu mpaka viwikoni. Mkalimani bila kukohoa: "Huyu ni mke wa kamanda. Anafua nguo za vitani. Mnaliona povu hilo? Damu ya adui haitoki kirahisi." Tukamhurumia sana yule mama. Kila mkanda yuko pale pale, anafua.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kusema lolote linalomjia. Kulikuwa na mambo ambayo hakuyachezea, na hapo ndipo alipogombana na mkanda wenyewe kana kwamba unamsikia. Askari akichomwa, akalala kwenye mapaja ya rafiki yake na kuanza kuhutubia, Mkalimani alitema mate chini. "Waongo hawa! Mtu akipigwa pale hana maneno. Anatafuta hewa tu, kama sangara kwenye ubao." Mtu akianguka majini na kupunga mikono huku anapiga mayowe, alisema, "Uongo mwingine. Anayezama hapigi kelele. Anaondoka kimya kama mtu aliyekumbuka amesahau kitu nyumbani."

"Umejuaje wewe?" Huyo ni Ngosha, mchinjaji wa machinjioni, mwenye mikono minene kama mapaja yangu na akili ya kubisha isiyolala. "Ulikuwepo?"

Mkalimani hakujibu kwa mdomo. Kafi lilitua begani kwa Ngosha, pwaa, na Ngosha akainuka na benchi lake pamoja na watu watatu waliokuwa wamelikalia. Walipigana mpaka kamanda akamaliza vita viwili bila mkalimani. Jino moja la Ngosha lilipatikana kesho yake kwenye karanga za mwanamke aliyekuwa akiuza mlangoni. Na jioni ile ile wawili hao walikaa pamoja wanakunywa chai, Ngosha anauliza kwa mdomo uliovimba, "Lakini mzee, kweli, anayezama hapigi kelele?"

"Kweli, mwanangu."

"Basi sawa. Ungesema tu."

Kwetu sisi huo ulikuwa ushahidi kamili. Nani angejua namna mtu anavyokufa majini kama hakuwapo? Nami nilikwenda mbali zaidi: shule ya jioni tulipoulizwa sababu za vita fulani vya huko Ulaya, nikajibu kurasa nne kuhusu kamanda mwembamba na kamanda mnene, na mwisho nikaandika kwamba shahidi yupo, anapatikana Kirumba. Mwalimu wa historia aliniita mbele akaniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

Mtu huyu mwenye kuvunja watu meno hakuweza kumchinja kuku. Mkewe alisimulia kwa kucheka kwamba sikukuu ikifika alimpeleka kuku kwa jirani, akasimama barabarani akitazama upande mwingine mpaka kazi iishe. Ziwa lenyewe, ambalo sisi tulilioga, tulilinywa na kulifulia, yeye hakuliingia hata kwa kifundo cha mguu. Aliishi mita chache kutoka majini na alioga kwa ndoo aliyochotewa. Kulipokuwa na msiba wa ndugu yake ng'ambo, Sengerema, badala ya kuvuka kwa kivuko pale Kigongo, safari ya dakika chache, alipanda mabasi akazunguka kote Shinyanga, akafika wamekwisha kuzika na pombe ya matanga imekwisha kunywewa. Ukimuuliza, alisema, "Mimi na hilo ziwa hatusalimiani."

Nasi tulielewana machoni: vita hivyo. Lazima ni vita.

Neno lake kubwa lilikuwa moja: Aliyekufa mwache afe. Alilisema kila stelingi alipopoteza askari na watu bandani wakadai huyo kazimia, ataamka mkanda ujao. Mwanzoni tulilichukulia kama utani. Mpaka siku ya mwizi.

Miaka ile majambazi walikuwa wakivamia wavuvi ziwani, wanachukua injini na nyavu, na mwenye kukataa anapigwa risasi au panga. Kwa hiyo mwaloni hasira ilikuwa imelala kwa jicho moja. Asubuhi moja akakamatwa kijana na kifuniko cha injini mkononi. Kifuniko tu, injini yenyewe hakuwa nayo. Sina haja ya kueleza. Nitasema tu kwamba mawe yalikuwa mengi kuliko dagaa, kwamba alipiga magoti, kwamba kuna mtu alileta nondo, na kwamba ilipofika wakati wa chai hakuwa na uso. Wakamsukuma majini. Sungusungu, walinzi wa mtaa, walipokuja kuuliza, mwalo mzima ukaimba wimbo mmoja: alikuwepo kijana, ndiyo, akakimbia, akapiga mbizi, ameelekea Bwiru. Ngosha alionyesha hata na mkono.

Mchana banda likajaa kama kawaida. Mkalimani hakuwasha mkanda. Alisimama pale na kafi lake.

"Yule kijana hakukimbia," akasema. "Amekufa. Wengine mmemuua, wengine mmetazama. Mtu fulani leo jioni atakaa mlangoni anamsubiri. Nendeni mkamtafute huyo mtu, mumwambie. Ninyi hamwendi? Basi leo hakuna mkanda."

Hata jenereta nadhani iliona aibu. Kisha Tajiri akatoa cheche: "Mzee, watu wamekuja kuona vita, hawakuja kuhubiriwa." Mkalimani akatoka. Alizunguka siku tatu akiuliza, Igoma, Kiseke, mpaka akalipata lile boma, akamwambia bibi mmoja kwamba mjukuu wake hatarudi. Wajukuu wengine walimpiga kwa kuileta ile habari. Akarudi na kovu kwenye nyusi, akawasha mkanda wa sita kana kwamba hakuna lililotokea. "Tuliishia wapi? Ndiyo. Huyu mnene anakimbia."

Sasa mnaweza kuelewa jambo lililokuwa linatusubiri kwenye mkanda wa mwisho.

Banda la video lilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo ilikuwa na nguvu kuliko katiba: stelingi hafi. Anaweza kukatwa, kuchomwa, kuning'inizwa, kutupwa kwenye mto wenye mamba. Atatokea upande wa pili anapangusa shati. Ndiyo maana watu walithubutu kumpenda. Kama anaweza kufa kama mtu wa Kirumba, kuna haja gani ya kwenda bandani?

Siku ya mkanda wa mwisho niliwahi ili nipate nafasi. Nilikuwa nje, nimeegemea mabanzi, nikawasikia ndani Tajiri na Mkalimani. Mkalimani alikuwa amekwisha kuzitazama kanda zote tangu boksi lilipokuja, peke yake, asubuhi asubuhi. Tajiri ndiyo kwanza anaambiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nasikia stelingi anakufa."

"Anakufa."

"Haiwezekani. Mzee wangu, nisikilize. Picha yenyewe haionyeshi. Nimeitazama sasa hivi: anapigwa, anaanguka, wanamfunika na ngao. Wewe sema amezimia. Sema wamemfunika asipigwe na jua. Nani atajua?"

"Mimi najua."

"Unajua Kikorea wewe?"

"Kufunikwa si Kikorea."

Tajiri aliposema tena, sauti yake haikuwa na "mzee wangu" ndani yake. "Ukisema amekufa watavunja banda langu. Wakimaliza banda watakuvunja wewe, na mimi nitakuwa nimesimama pale kando natazama. Na ukiwa bado una miguu, kesho usije."

"Aliyekufa," akasema Mkalimani, "mwache afe."

Nilitaka kuondoka. Badala yake niliingia nikakaa benchi la tatu, kwa sababu nilitaka kuona, na kwa sababu sikuamini. Stelingi hafi, bwana.

Watu walijaa mpaka wengine walining'inia kwenye kenchi za paa kama popo. Vita vya mwisho vilikuwa vita hasa. Ziwa lote la Wakorea, sisi tuliliita ziwa, lilikuwa mbao, vichwa na moto. Mkalimani hakuwahi kusimulia vile. Jasho lilimtoka kana kwamba ndiye anayepiga makasia. "Mnyororo wa meli ishirini umekatika! Huyu anaungua, anaruka majini, anaendelea kuungua! Huyu mkono wake umebaki kwenye kasia na kasia bado linavuta! Kamanda amesimama mbele, hainami. Inama, kamanda! Hainami!"

Kisha mlio mmoja mdogo. Mwembamba mwenye ndevu akashika ubavu, juu, karibu na kwapa, akaketi taratibu. Wawili wakamwinamia. Midomo yao ikacheza. Wakachukua ngao wakamfunika. Na nyuma yao yule mpiga ngoma, mabega juu, akatazama chini mara moja, akainua virungu, akaendelea kupiga. Meli nyingine zote zikaisikia ngoma, zikaendelea kupigana, zikishangilia.

Mkalimani akaisimamisha picha hapo hapo, juu ya mpiga ngoma, kama alivyozoea kila mkanda. Chenga zikatetemeka usoni mwake.

Mlangoni Tajiri akakohoa.

"Amekufa," akasema Mkalimani.

"Amezimia!" Ngosha huyo, amesimama tayari.

"Amekufa. Risasi ya kwapani haizimishi. Hawa wanamficha." Kisha akaigeukia televisheni, akatuacha sisi, akainua kafi kuelekea picha. "Wewe! Acha ngoma! Umemwona, unajua, acha ngoma! Nenda nyumbani kwao ukaseme! Mtu huyu ana mama. Jioni hii amemwekea chakula!"

Hatukumwelewa. Tulielewa tu kwamba anatunyang'anya mtu wetu.

Sijui nani alianza. Nilipigwa na benchi, na mtu aliyekuwa bado amelikalia. Waliokuwa kwenye kenchi walishuka kwa wakati mmoja, na kenchi ikawafuata. Mabanzi yalikatika kama mabua. Mtu mmoja alimkaba mwenzake akilia, "Nirudishie stelingi wangu!" na mwenzake, naye analia, akamjibu kwa chupa. Nilimwona Tajiri amekumbatia televisheni kama mtoto mchanga huku akipigwa mgongoni na wateja wake wa kila siku. Karanga, damu, bati. Nimekuja kusoma baadaye kuhusu vita vingi, na bado nasema vile vilikuwa vya tano kwa ukubwa.

Katikati Ngosha alikuwa amempata Mkalimani. Alikuwa amemnyang'anya kafi.

"Sema yuko hai."

"Amekufa."

Kafi likashuka. Nilisikia mfupa. Sauti ya mfupa wa taya haifanani na maneno yoyote ya mkalimani yeyote. Ni ndogo, kavu, kama kuvunja muhogo.

"Sema yuko hai, mzee. Nakuomba. Sema." Machozi yalikuwa yanamtoka Ngosha.

Mdomo wa Mkalimani ulikuwa umekaa upande. Damu ilimtoka nyekundu, si nyeusi. Akasema tena lile neno. Lilitoka bila umbo, lakini hakuna aliyeshindwa kulisikia.

Kafi lilipanda mara ya pili, na hapo mtu akapiga kelele: "Aitwe Fundi Barafu! Mwenye vita vyake aje aseme!" Kiwanda hakikuwa mbali. Fundi aliletwa na kundi zima, bado amevaa buti za mpira na koti zito la chumba cha barafu, anatoa jasho, anadhani anakwenda kuuawa. Alikuwa amekaa kwetu miaka kadhaa na Kiswahili chake kilikuwa cha kiwandani, kimekatwa vipande kama minofu.

"Kamanda huyu," akauliza Ngosha, kafi mkononi, "kwenu huko. Alikufa au hakufa?"

Fundi akaitazama picha, akamtazama Mkalimani pale chini, akavua kofia.

"Alikufa," akasema. "Mtoto mdogo, shule, anajua. Alisema: usiseme nimekufa, vita bado. Wakaficha. Historia. Kweli."

Ngosha akaliacha kafi likaanguka.

Ingeishia hapo ingekuwa vizuri, lakini Fundi Barafu alikuwa mtu mkweli na hakujua pa kuishia. Aliuliza hii vurugu yote imetokea wapi, na watu wakamsimulia hadithi yetu tangu mkanda wa kwanza. Alisikiliza macho yakizidi kufunguka. Akasema kwamba pale tulipoambiwa makamanda wanatukaniana mama zao, walikuwa wanagawana mchele. Kwamba mnene hakuwa anakimbia kila mara. Mara moja alikuwa anakwenda harusini. Mke wa kamanda lilikuwa tangazo la sabuni. Mkanda una rangi, deki ndiyo mbovu, na hao wote ni waigizaji. "Huyu mzee," akasema kwa mshangao, "Kikorea hajui. Hata kidogo. Yote amekosea. Hii moja tu amepata."

"Waigizaji?" akasema Ngosha polepole. "Kwa hiyo huyu mwenye ndevu..."

"Yupo. Sasa anatangaza dawa ya kikohozi."

"Si nilisema yuko hai!" akanguruma Ngosha, na ilibidi watu sita wamkalie.

Mimi, kwa upande wangu, niliyakubali yote ya Fundi isipokuwa la mpiga ngoma. Hilo nililiona wazi kuwa ni siri ya serikali yao.

Mkalimani walimfunga taya kwa kipande cha khanga, akaondoka amemshika mkewe bega. Hakurudi. Tajiri alijenga upya, akaleta mikanda ya karate isiyohitaji maelezo. Haikuwa na utamu. Watu walikufa kimya kimya bila mtu kuwaonea uchungu.

Muongo ule ulikuwa unakaribia kwisha nilipomwona tena. Nilikuwa nimekwisha kupata cheti changu cha shule ya jioni na ukarani wa mizigo, nimevaa viatu vya kufunga kamba, nasafiri kwenda Geita. Kivuko kilikuwa ng'ambo, upande wa Busisi, magari yamepanga foleni Kigongo, nikashuka kunyoosha miguu. Juu ya barabara, kwenye kibaraza cha nyumba ya bati, alikaa mzee anashona wavu, amelipa ziwa mgongo. Nikayajua mabega.

"Shikamoo, Mkalimani."

Akainua uso. Taya ilikuwa imeunga upande, kana kwamba anataka kuambia siri sikio lake la kushoto. "Marahaba. Nani wewe?"

"Wa dagaa. Benchi la tatu."

Akacheka, na cheko nalo likatokea upande. Sauti kubwa ile ilikuwa imekwisha. Alizungumza taratibu, kila neno analilea.

"Ngosha yupo?"

"Yupo, mzee. Ana mabucha mawili sasa."

"Bado anabisha?"

"Mpaka leo anasema stelingi yuko hai."

"Msalimie. Mwambie mkono wake ni mzuri, akili ndiyo hapana." Akaukunja wavu, akautupa begani. "Ngoja niupeleke kwa mwenyewe, yuko hapo dukani. Mama, mpe mgeni viazi."

Mkewe akatoka na sahani ya viazi na kikombe cha maziwa ya mgando. Nilimwamkia, nikala, nikamtazama mzee akishuka njia ya dukani, ile inayokwepa maji. Nikaona hapa ndipo pa kulimaliza jambo, mtu na cheti chake.

"Mama, hivi Mzee alikwenda Korea mwaka gani?"

"Wapi?"

"Korea. Kwenye vita vile. Alikopiga ngoma."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama mwalimu wangu wa historia, akitafuta kama nyumbani kuna mgonjwa.

"Huyu?" akasema. "Huyu hajavuka hata hapo Busisi. Tangu anioe anashona nyavu, na hiyo ni kazi ya nchi kavu. Aliyekuwa ziwani ni kijana wetu. Majambazi wa injini walimpiga risasi, iliingia hapa." Akajigusa chini ya kwapa. "Wenzake wakamzika kisiwani, wakaogopa kutuambia. Msimu mzima wakawa wanatuletea samaki. 'Mama, kijana yuko Ukara, anakusalimu sana.' Wanacheka na sisi, wanakunywa chai. Na mimi kila jioni namfunikia ugali wake, mpaka mmoja wao alipomwungamia mzee yote, hata namna kijana alivyotafuta hewa."

Chini kule kivuko kilipiga honi. Nilikuwa na kiazi mdomoni, sikujua nikifanye nini.

"Lakini mama, yule mpiga ngoma, alikuwa anaisimamisha picha pale kila siku, anajitazama..."

"Hakuwa anajitazama," akasema, akichukua sahani. "Alikuwa anamtazama mtu anayejua, na bado anapiga ngoma."